Zumari ya mfuko: ya kuanzia ni ipi?

Mkaazi wa Rashidiya, Dubai, anayetaka kujifunza zumari ya mfuko hana budi kuamua kwanza: ya Ghuba au ya Uskoti?

Jirba ya Ghuba hutengenezwa kwa ngozi ya mbuzi, na ina mirija miwili iliyofungwa pamoja. Zumari ya Uskoti ina mrija wa noti tisa, na mitatu ya mvumo.

Anayechagua ya Uskoti aanze na mrija wa mazoezi, usio na mfuko. Akikata tamaa, hasara itakuwa ndogo.

Zumari bora za Uskoti huchongwa kwa mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji. Hata hivyo, ukavu wa kiyoyozi huweza kuupasua. Kwa mwanafunzi, plastiki yatosha.