Grog: neno lililotoka kwenye joho la admirali

Kila ifikapo Julai 31, wako wastaafu wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza wanaonyanyua bilauri kukumbuka msiba wao. Siku hiyo mwaka 1970 jeshi hilo liliwagawia mabaharia ramu kwa mara ya mwisho. Baadhi walivaa vitambaa vyeusi mkononi, wengine wakafanya mazishi ya mzaha, na ramu ikazikwa baharini. Jina la kinywaji hicho, grog, halikuzikwa. Limo kwenye kamusi za Kiingereza hadi leo, na asili yake ni nguo.

Ramu iliingia melini baada ya Waingereza kuiteka Jamaica mwaka 1655. Bia ilichacha upesi kwenye joto la Karibi, ilhali ramu ya miwa ilikaa miezi bila kuharibika. Kufikia 1731 kanuni zilimruhusu baharia nusu painti kwa siku, karibu robo lita, tena kavu. Na huyo ndiye wa kupanda mlingoti!

Aliyekereka ni Admirali Edward Vernon, shujaa aliyeiteka Porto Bello, katika Panama ya leo, Novemba 1739 kwa meli sita tu. Vernon alipenda joho la kitambaa kigumu cha hariri na sufu. Wafaransa walikiita gros grain, na ndimi za Waingereza zikalikunja jina hilo likawa grogram. Mabaharia hawakosi jina la utani kwa mkubwa wao: wakambandika Mzee Grog.

Agosti 21, 1740, akiwa Jamaica, Mzee Grog alitoa amri. Mgawo ule utiwe maji mara nne yake, ndani ya pipa, juu ya sitaha, ofisa wa zamu akisimama hapo asije mtu akapunjwa. Utolewe mara mbili, asubuhi na jioni. Baharia mwekevu aliruhusiwa kununua sukari na ndimu kwa pesa yake akaungia. Kwa Kiswahili tungesema Mzee Grog aliizimua ramu. (Wanaojua kuzimua kwa maana ile nyingine, ya asubuhi baada ya karamu, wacheke taratibu.) Maji yalikuwa na faida yake: ramu kavu hudundulizika, mtu akaweka mgawo wa siku kadhaa akaumaliza kwa kikao kimoja, lakini iliyotiwa maji haikai, ni kuinywa palepale. Mabaharia walinuna, na kinywaji wakakipa jina la aliyekiharibu.

Hadithi hii iliwahi kutiwa doa. Mwandishi mmoja wa wasifu wa mtunzi Daniel Defoe alidai kwamba Defoe alilitumia neno grog mwaka 1718, miaka 22 kabla ya amri ya Vernon, katika kitabu chake The Family Instructor. Humo kuna kijana Mweusi kutoka Barbados anayesimulia kazi za watu wake mashambani, na ilidaiwa kuwa mojawapo ya kazi hizo ni kutengeneza grog. Dai lilivutia, maana lingempokonya admirali neno na kulirudisha kwa watumwa waliovuja jasho kwenye miwa ile. Wakaguzi walipofungua kitabu chenyewe wakakuta neno jingine kabisa: tangawizi. Mnukuzi alikosea, na wengine wakamnukuu bila kufungua kitabu. Ugonjwa huu sisi wa magazeti tunaujua vizuri.

Kutoka grog likazaliwa groggy, kwanza kwa maana ya mlevi, kisha bondia anayeyumba baada ya konde, na leo mtu aliyeamka na kichwa kizito hata kama hajaonja tone. Mgawo wenyewe ulipunguzwa katika miaka ya 1820 na tena katikati ya karne. Bado ulikuwapo wakati manowari HMS London ilipotia nanga Zanzibar kuanzia 1874 kuwinda majahazi ya watumwa. Bunge la London liliujadili Januari 28, 1970, hoja ikiwa kwamba mitambo ya kisasa haitaki mkono wenye ramu. Jeshi la wanamaji la New Zealand, lililokuwa nalo na mgawo wa ramu, lilifunga pipa lake mwaka 1990.

Waingereza wanajua hadi tarehe ya amri iliyowapa neno moja la ulevi. Kwetu gongo ni fimbo nene na ni pombe kali, na kamusi humpa msomaji maana hizo mbili zikapita zake. Wazee waliokuwapo jina hilo lilipokuwa geni wanapungua. Mwenye mmoja nyumbani amuulize jina hilo lilitokaje, kisha amwandikie mhariri.