Kihamba cha Wachagga
Katika miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, Wachagga kwa karne kadhaa wamelima kihamba, yaani shamba linaloizunguka nyumba na kurithiwa ndani ya ukoo, ambalo mipaka yake huonyeshwa kwa masale, mmea unaotumika pia katika kuombana radhi. Mpangilio wake ni wa tabaka: miti mirefu kama mruka hutoa kivuli na kuni, migomba husimama chini yake, na magimbi na mboga hufunika ardhi, huku ng'ombe wa zizini wakilishwa majani na migomba iliyokatwakatwa, na samadi yao ikirudishwa mashinani. Maji yaliletwa kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa na kutunzwa na koo. Kahawa, iliyoenezwa na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, haikuiondoa migomba bali ilipandwa kivulini mwake, na mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, kilichofuatiwa na ushirika wa KNCU mwaka 1933. Hata hivyo, kadiri urithi ulivyogawanywa vihamba vilizidi kuwa vidogo, na vijana wengi wakalazimika kutafuta ardhi tambarare.