Picha ya nafsi: Mpigapicha anapojielekezea kamera

Mkazi wa Kombewa anayejipiga picha kwa simu ya mkononi ana uhuru ambao wazee wake hawakuwa nao. Mwaka 1936, mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard aliwapiga picha Wajaluo wa Nyanza. Picha hizo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Aliyeamua nani aonekane, na vipi, alikuwa mgeni.

Kufikia wakati huo, baadhi ya wasanii wa Ulaya walikuwa wamekwisha kujielekezea kamera. Mwaka 1928 Florence Henri alijipiga picha kupitia kioo, naye Claude Cahun wa Ufaransa alinyoa nywele na kubadili mavazi, hata mtazamaji akashindwa kubainisha kama ni mume au mke.

Barani Afrika, Samuel Fosso alifungua studio mjini Bangui mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13. Filamu iliyosalia baada ya kazi ya wateja aliitumia kujipiga picha, nyingine akampelekea nyanya yake Nigeria. Mwaka 2008 alijivika sura za mashujaa, wakiwemo Patrice Lumumba na Haile Selassie.

Katika sanaa hii, anayetazamwa ndiye anayeamua atazamwe vipi.