Kutoka Mtaa wa Lincoln hadi Mtaa wa Lisbon: Urithi wa Kifaransa na Wahamiaji wa Lewiston, Maine

Miji mingi ya Marekani iliyojengwa na wahamiaji sasa ina njia za urithi. Mgeni hupewa ramani, huelekezwa kanisani na kiwandani, kisha huondoka akiamini ameujua mji. Kasoro ya ramani hizi ni kwamba humtenga mhamiaji wa karne ya 19 na mhamiaji wa leo: wa kwanza huwekewa kibao cha kumbukumbu, wa pili huachiwa idara ya ustawi wa jamii. Makala haya yanatumia mji wa Lewiston, katika jimbo la Maine, kudai kwamba utengano huo hauwezi kutetewa na mtu yeyote aliyeutembea mji kwa miguu. Makala yanadai pia jambo ambalo wapenzi wa lugha hawatalifurahia: kinachounganisha vizazi vya wahamiaji wa Lewiston si Kifaransa, ingawa Kifaransa ndicho kinachotangazwa. Ni nyumba za kupanga.

Lewiston ni mji wa watu wapatao 37,000, kando ya maporomoko ya Mto Androscoggin. Maporomoko hayo ndiyo yaliyowavutia matajiri wa Boston. Katikati ya karne ya 19 walichimbisha mifereji ya kuelekeza maji kwenye mitambo ya viwanda vya pamba, na vibarua wa Kiayalandi ndio walioshika sururu. Kiwanda cha Bates kilianzishwa mwaka 1850, na kwa miongo mingi kiliajiri watu wengi kuliko kampuni nyingine yoyote ya Maine. Mwaka 1874 ikafika reli iliyounganishwa na mtandao wa Grand Trunk wa Kanada, na stesheni ikawekwa Mtaa wa Lincoln. Kuanzia hapo familia za jimbo la Kifaransa la Quebec, zilizochoshwa na madeni na mashamba yaliyogawanywa hadi yakashindwa kulisha watoto, zilipanda treni kwao na kushuka umbali wa dakika chache kutoka mlango wa kiwanda. Kati ya 1840 na 1930 Quebec ilipoteza watu takriban 900,000 kwa njia hii, na sehemu kubwa yao walikwenda kwenye viwanda vya New England.

Matembezi yanapaswa kuanzia stesheni hiyo, si kanisani. Jengo lake la matofali bado lipo. Ukitoka hapo unaingia moja kwa moja katika eneo lililoitwa Petit Canada, yaani Kanada Ndogo, mitaa michache iliyobanwa kati ya mto na mfereji: Lincoln, River, Oxford, Cedar. Majengo ya mbao ya ghorofa tatu hadi nne yamesimama karibu karibu, kila ghorofa na baraza lake la nyuma, kamba za kuanikia nguo zikivuka uani. Hapa mtembeaji anaelewa kitu ambacho maelezo ya jumba la makumbusho hayawezi kumfundisha kwa urahisi: jinsi umbali ulivyokuwa mfupi. Kiwanda cha Continental, chenye mnara wake wa kifahari, kimeinamia paa za wapangaji. Kengele ya zamu ilisikika kitandani. Watu hawakuhitaji Kiingereza kwa sababu duka, shule, padri, daktari na hata msimamizi wa mashine walipatikana ndani ya mwendo wa robo saa, wote wakizungumza Kifaransa.

Jengo la Wadominika, lililojengwa Mtaa wa Lincoln mwaka 1882, ndilo ushahidi bora wa hali hiyo. Lilikuwa shule, ukumbi na mahali pa mikutano kwa pamoja, maduka yakiwa chini. Gazeti la Kifaransa, Le Messager, lilianza miaka miwili kabla yake na kuendelea hadi miaka ya 1960. Taasisi hizi zote zilikuwa ngome, na ngome hujengwa palipo na adui. Mwaka 1919 Maine ilipitisha sheria iliyolazimisha masomo kufundishwa kwa Kiingereza, na katika miaka ya 1920 kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan lilipata wafuasi wengi katika jimbo hilo kwa kuwashambulia Wakatoliki, hususan hawa wa kutoka Quebec. Watoto wakaadhibiwa kwa kuzungumza lugha ya nyumbani. Msomaji aliyewahi kuvishwa kipande cha ubao shingoni katika shule za Afrika Mashariki kwa kosa la kusema lugha ya mama hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu kanisa la Watakatifu Petro na Paulo nitasema machache, kwa kuwa vitabu vya watalii vimelisema sana. Ni kubwa mno, la mawe ya matale, liko juu mlimani na lilikamilika katika miaka ya 1930, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi. Linathibitisha kwamba wafumaji wa ghorofa ya nne walikuwa na akiba na wivu wa heshima yao. Kinachonivutia zaidi ni Mtakatifu Maria, kanisa la Petit Canada lenyewe, lililofungwa mwaka 2000 na kugeuzwa kituo cha sanaa na urithi wa Wamarekani wenye asili ya Kifaransa. Parokia ilipogeuka ukumbi wa maonyesho, maisha yalikuwa yamekwisha kuhamia kwingine.

Uzalishaji katika kiwanda cha Bates ulikoma mwaka 2001. Mwaka huohuo Wasomali wa kwanza walianza kuhamia Lewiston, wakipata kile walichokipata Wakebeki: nyumba za bei nafuu na mji ambao mtoto anaweza kuutembea. Mtaa wa Lisbon, uliokuwa na maduka yaliyofungwa, ukapata sambusa, vitambaa, ofisi za kutuma fedha na msikiti. Mnamo Oktoba 2002 meya, Laurier Raymond, aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya kuja. Jina lake linatosha kuonyesha asili yake ya Kifaransa. Januari 2003 kikundi kidogo cha wabaguzi kilipokuja kufanya mkutano, maelfu ya watu walijitokeza kuwapinga katika Chuo cha Bates. Paul LePage, mzaliwa wa Lewiston aliyeanza maisha akizungumza Kifaransa, alikuwa gavana kati ya 2011 na 2019, na alipigana kuwanyima waomba hifadhi msaada wa serikali.

Hoja ya kwamba kumbukumbu ya kuhama huzaa huruma, basi, haisimami. Huzaa huruma kwa baadhi. Kwa wengine huzaa imani kwamba sisi tulivumilia bila msaada, nanyi vumilieni.

Vivyo hivyo kwa lugha. Katika muongo uliopita wamefika waomba hifadhi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Djibouti. Mwaka 2019 peke yake mamia, wengi wao Wakongo na Waangola, walilazwa katika ukumbi wa michezo wa mji jirani wa Portland. Waandishi wa habari walifurahia picha ya bibi wa Petit Canada akiongea na kijana wa Kivu. Picha ni ya kweli, ila inaficha jambo. Kwa bibi, Kifaransa kilikuwa lugha ya jikoni iliyotiwa aibu shuleni. Kwa kijana, kilikuwa lugha ya darasa na ofisi iliyoletwa na Mbelgiji, na jikoni kwao walisema Kiswahili. Wanaelewana, lakini hawajarithi kitu kimoja. Tena, miongoni mwa Wabantu wa Somalia wanaoishi Lewiston, ambao mwanaanthropolojia Catherine Besteman ameandika kitabu kizima juu yao, wamo wazao wa watu waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Malawi na Msumbiji. Hakuna ramani ya urithi wa Kifaransa inayoweza kuwameza hawa.

Nyumba zinaweza. Kutoka Lincoln, familia za Quebec zilipanda hadi mitaa yenye majina ya miti, Pine, Birch, Walnut na Maple, na ni katika majengo hayohayo ya mbao ambamo Wasomali na Wakongo wanapanga leo. Nayo yanapotea. Mwaka 2013 mioto mitatu ndani ya takriban wiki moja iliwaacha watu wapatao 200 bila makazi. Rangi ya zamani yenye madini ya risasi inawadhuru watoto. Mwaka 2021 serikali kuu ilitoa dola milioni 30 kuijenga upya mitaa hiyo, na si haki kumwambia mama mwenye mtoto aliyedhurika na rangi hiyo kwamba ukuta wake ni historia. Majengo mengi yabomolewe. Lakini halmashauri ichague moja au mawili, iondoe sumu, iandike kwenye lango majina ya lugha zote zilizosemwa ngazini mwake tangu 1874, na kuacha wapangaji waendelee kuishi humo. Gharama yake huenda ikawa ndogo kuliko ya kutunza paa la kanisa.