Bustani ya Nyumbani Msimu wa Vuli: Kazi, Tahadhari na Faraja Zake

Vuli ni msimu wa mvua fupi unaoanza Oktoba na kumalizika Desemba katika maeneo ya Tanzania yanayopata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Maeneo hayo ni ukanda wa Ziwa Victoria, nyanda za juu kaskazini mashariki, na pwani ya kaskazini pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Mikoa ya kati na kusini hupata msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika nchi ambayo kwa sehemu kubwa mimea husinzia kwa ukame na si kwa baridi, mwanzo wa mvua ndio majira ya machipuko. Vumbi hutulia, kumbikumbi huruka jioni, mikrismasi huanza kuwaka maua mekundu, na ardhi iliyokuwa ngumu kama tofali hukubali jembe.

Kwa kaya yenye kieneo kidogo nyuma ya nyumba, majuma machache kabla na baada ya mvua za kwanza ndiyo yanayoamua kama sufuria itakuwa na mboga Januari na Februari, jua likirejea na mboga za majani zikianza kuadimika sokoni. Makala haya yanaeleza kazi za msimu huo kwa mpangilio wake, tahadhari zinazopaswa kuzingatiwa, na namna ya kunufaika na mavuno.

Umuhimu wa bustani ya nyumbani

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa kaya ya watu 5, kiwango hicho ni sawa na kilo 2 kila siku. Bustani ndogo haiwezi kutoa kiasi chote hicho, lakini inaweza kutoa sehemu ambayo familia nyingi hulazimika kuipunguza fedha zinapopungua, yaani majani mabichi ya kijani. Mchicha, mnavu, matembele, majani ya maboga na kunde vina madini ya chuma, foleti na viini vya vitamini A, ambavyo ni muhimu zaidi kwa wajawazito na watoto wadogo.

Utamaduni huu si mgeni nchini. Kihamba cha Wachaga katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ambamo migomba, kahawa, miti ya kivuli, mboga na mifugo hutunzwa pamoja kuzunguka nyumba, ni miongoni mwa mifumo ya kilimo inayotambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa dunia. Ufugaji hutoa samadi, samadi hulisha migomba, na majani ya migomba hurudi kwa mifugo na kwenye udongo. Kanuni hiyo ya kutotupa kitu inafaa hata katika kiwanja cha mjini.

Kazi za kabla ya mvua

Kazi ya kwanza ni kuchagua mahali. Mboga nyingi huhitaji jua la saa 6 au zaidi kwa siku, hivyo eneo lililo chini ya mwembe halifai. Bustani isiwe karibu na shimo la choo wala mahali yanapopita maji machafu, kwa kuwa vimelea vya magonjwa hushika kwenye majani yanayoliwa.

Kazi ya pili ni kuandaa mboji. Mabaki ya jikoni yasiyo na mafuta wala nyama, majani makavu, nyasi na samadi hupangwa kwa tabaka katika rundo lenye kimo cha takribani mita 1, lililo kivulini. Rundo hunyunyiziwa maji na kugeuzwa kila baada ya majuma mawili au matatu. Likitunzwa vizuri, huiva kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu. Anayetaka kuitumia wakati wa vuli hana budi kuanza Julai au Agosti. Mboji iliyoiva huwa nyeusi, hunukia kama udongo wa msituni na haina joto ukiingiza mkono. Samadi mbichi, hasa ya kuku, isiwekwe moja kwa moja kwenye miche kwa kuwa huiunguza.

Kazi ya tatu ni kutengeneza matuta. Tuta lenye upana wa mita 1 humwezesha mtu kufika katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Kimo cha sentimita 15 hadi 20 huzuia maji kutuama wakati wa mvua kubwa. Ndoo moja ya mboji yenye ujazo wa lita 20 inatosha eneo la mita 2 za mraba, ikichanganywa vizuri na udongo wa juu. Penye mteremko, matuta yakatize mteremko ili mvua isiondoke na rutuba yote.

Mbegu na kitalu

Mbegu zinunuliwe katika maduka yaliyosajiliwa, zikiwa kwenye pakiti iliyofungwa na inayoonesha aina ya mbegu na tarehe ya mwisho ya matumizi. Taasisi ya Kuthibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI, ndiyo yenye jukumu la kusimamia ubora huo. Mbegu iliyokaa juani mbele ya duka huweza kupoteza uwezo wa kuota kabla ya kufika shambani.

Nyanya, pilipili hoho, nyanya chungu, mnavu, sukuma wiki na kabichi huanzia kitaluni. Mbegu hupandwa katika mistari yenye kina cha takribani sentimita 1, hufunikwa kwa udongo laini na nyasi kavu, na kumwagiliwa kwa kopo lenye matundu madogo. Nyasi huondolewa mara miche inapochomoza, na kichanja chepesi cha kivuli hujengwa juu yake. Miche isisongamane wala kuloweshwa kupita kiasi, kwani hali hiyo huleta kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina karibu na udongo na kuangusha kitalu kizima kwa siku chache.

Baada ya majuma 4 hivi, miche mingi huwa tayari kuhamishwa. Siku chache kabla ya hapo, kivuli na maji hupunguzwa kidogo kidogo ili miche ikomae. Kuhamisha kufanyike jioni au siku yenye mawingu. Sukuma wiki hupewa nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche; tuta la mita 1 kwa 3 lenye mistari miwili huchukua miche 12. Nyanya hupewa sentimita 50 hadi 60 na mti wa kuegemea.

Mchicha, bamia, kunde na maboga hupandwa moja kwa moja bustanini. Kwa kuwa mbegu za mchicha ni ndogo mno, huchanganywa na mchanga mkavu ili zisirundikane. Mbegu za bamia hulowekwa usiku mmoja ili ziote haraka. Matembele hayahitaji mbegu: vipande vya marando vyenye urefu wa sentimita 30, vikifukiwa nusu yake kwenye udongo wenye unyevu, hutosha. Mchicha huweza kuanza kuchumwa baada ya majuma 3 hadi 4, na kwa hiyo humfaa anayeanza kulima, kwa kuwa matokeo huonekana kabla subira haijaisha.

Kutunza maji

Mvua za vuli hutofautiana mwaka hadi mwaka, na siku kavu kumi mfululizo katikati ya msimu si jambo la ajabu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kabla ya vuli kuanza, na ni vyema kuufuatilia kabla ya kusia mbegu.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita 40 za mraba huleta takribani lita 400, ukiacha kiasi kinachopotea njiani. Pipa au simtanki chini ya mchirizi wa paa huweza kuiokoa bustani katika siku za ukavu. Chombo hicho kifunikwe wakati wote. Mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga mayai katika maji yaliyohifadhiwa karibu na makazi, na bustani haipaswi kuwa chanzo cha ugonjwa.

Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba hupunguza upotevu wa unyevu, huzuia magugu na kukinga udongo dhidi ya matone mazito ya mvua. Yaachwe mbali kidogo na shina ili lisioze. Umwagiliaji ufanyike asubuhi mapema au jioni, na maji yaelekezwe kwenye mizizi.

Wadudu, magonjwa na viuatilifu

Mvua inayochipusha mboga huchipusha pia maadui wake. Sota hukata miche usiku. Mtu akifukua udongo kuzunguka mche uliokatwa asubuhi, mara nyingi humkuta. Vidukari hujikusanya chini ya majani machanga na huweza kuoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Bakajani hushambulia nyanya wakati wa unyevu mwingi, na hupungua iwapo majani ya chini yataondolewa na miche itaachiwa nafasi ya hewa. Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake huchimba majani na matunda ya nyanya, alibainika nchini mwaka 2014. Majani yaliyoshambuliwa yakusanywe na kuharibiwa mapema, wala yasitupwe kwenye rundo la mboji.

Kubadilisha mazao ni kinga isiyo na gharama. Mahali palipokuwa na nyanya msimu huu pasipandwe nyanya, hoho, nyanya chungu wala mnavu msimu ujao, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na hushirikiana magonjwa.

Pale ambapo kiuatilifu hakiepukiki, kitumike kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna iheshimiwe hata kama mboga inahitajika jikoni. Kiuatilifu kisihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji; mtoto hawezi kusoma hatari iliyofichwa ndani ya chupa anayoijua. Chombo kikiisha kitobolewe, wala kisitumike kuhifadhia kitu chochote.

Kwa wasio na eneo

Mpangaji wa chumba kimoja naye anaweza kulima. Gunia lililojazwa mchanganyiko wa udongo na mboji, likiwa na nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, hupandwa miche juu na katika matundu ya ubavuni. Ndoo zilizopasuka, beseni kuukuu na makopo makubwa hufaa pia, mradi yatobolewe chini na yasiwe yamewahi kubeba kemikali.

Mavuno na faraja

Mboga huchumwa asubuhi, zikiwa bado na umande. Sukuma wiki huchumwa majani ya chini kwanza ili mche uendelee kukua. Mchicha hukatwa juu ya kifundo ili utoe machipukizi mapya. Mboga zioshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa, na zipikwe kwa muda mfupi. Mafuta kidogo au karanga husaidia mwili kupokea vitamini A, na limau au nyanya husaidia kupokea madini ya chuma. Kisamvu peke yake hakifuati kanuni ya kupika haraka: hutwangwa na kuchemshwa vya kutosha ili kuondoa sumu yake ya asili.

Zipo pia faida zisizopimwa kwa kilo. Ua la boga hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri. Ua jike hutambulika kwa kiboga kidogo kilicho chini yake, na nyuki ndio wanaobeba chavua kutoka ua dume. Mtoto anayeamka mapema kuliona hujifunza somo la uchavushaji pasipo ubao, na hufahamu kwa nini hakuna kunyunyiza dawa asubuhi. Mzee asiyeweza tena kwenda shamba la mbali hupata kazi ya heshima chini ya kivuli cha kitalu, na jirani aliyepelekewa fungu la mnavu hurudisha bakuli likiwa na bamia.

Msimu unapofikia ukingoni, mimea miwili au mitatu iliyo bora, isiyo na ugonjwa, iachwe ikomae kwa ajili ya mbegu. Mimea ya mbegu chotara haifai kwa hili, kwa kuwa kizazi chake hubadilika. Mbegu zikaushwe kivulini, ziwekwe katika chupa kavu yenye kifuniko, na ziandikwe jina na tarehe. Mwenye maswali amwone afisa ugani wa kata yake. Chupa hiyo ihifadhiwe mahali pakavu na penye ubaridi: masika huanza Machi, na kitalu chake kinapaswa kusiwa Februari.