Uungwana, Ustaarabu na Uenyeji: Historia ya Maneno ya Kuhodhi Hadhi

Katika elimu ya jamii iko dhana moja ambayo wafasiri wetu huitafsiri kila mmoja kwa neno lake. Mmoja huandika ubaguzi, wa pili utengaji, wa tatu unyimaji wa haki. Dhana hiyo ilifafanuliwa na mtaalamu wa Kijerumani Max Weber, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1922, miaka miwili baada ya kufa kwake. Alisema kwamba kundi la watu waliokwisha kupata nafasi nzuri huchagua alama fulani, iwe ni rangi, lugha, dini, ukoo au cheti cha shule, kisha huifanya alama hiyo kuwa sharti la kupata mali, kazi au heshima. Wasiokuwa nayo hubaki nje, na walio ndani hugawana wenyewe kwa wenyewe. Weber aliongeza jambo linalostahili kuangaliwa sana: alama yenyewe haina uzito. Yoyote iliyo karibu hutumika.

Mtumishi wa istilahi anapoletewa dhana ya namna hii, kwa kawaida hukimbilia kamusi. Mimi naona kwamba katika jambo hili yafaa tuanze na historia ya maneno yetu wenyewe, kwa kuwa miji ya pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na msamiati kamili wa kazi hiyo kabla Weber hajazaliwa, na maneno kadhaa ya msamiati huo tunayatumia hata leo katika vitabu vya shule na barua za serikali pasipo kukumbuka yalikotoka.

Shahidi wetu wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Maandishi yake ndiyo shina la kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903. Mtoro anaeleza kwa utulivu, kama mtu aelezaye mambo ya nyumbani kwake, jinsi mtu alivyopanda cheo katika miji ya Mrima. Aliyetaka kuwa jumbe hakutosheka na kutaka. Ilimpasa kutoa ada kwa majumbe waliomtangulia, na kulisha watu karamu ambayo ingemfilisi asiyekuwa na jamaa wa kumsaidia. Ada hizo zilikuwa mlango na bawabu kwa pamoja. Aliyelipa aliingia, na mara tu alipoingia alikuwa na kila sababu ya kutaka ada iendelee kudaiwa, maana sasa naye ana fungu lake katika malipo ya atakayefuata. Sijaona maelezo yaliyo bora kuliko hayo juu ya namna kundi linavyojilinda bila ya kuhitaji askari.

Chini ya ngazi hiyo palikuwa na maneno mengine. Mtu wa bara aliitwa mshenzi. Mtumwa aliyeletwa pwani karibuni, asiyejua bado lugha wala desturi za mji, aliitwa mjinga. Na kamusi za zamani zinaihifadhi maana hiyo pamoja na ile ya upumbavu. Mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake aliitwa mzalia, naye alijiona bora kuliko mjinga, kama vile mwungwana alivyojiona bora kuliko wote wawili. Mwalimu anayemwambia mtoto leo kwamba ni mjinga hana habari kwamba anatamka jina la daraja la watumwa. Sisemi kwamba neno liachwe, kwani maana yake ya leo imekwisha kukaa. Nasema tu kwamba lilianza kama jina la mahali pa mtu katika mji, na ndipo likageuka kuwa jina la akili yake. Na mageuzi ya namna hiyo hayatokei kwa bahati.

Hali kadhalika mavazi. Mtumwa mwanamume hakutazamiwa kuvaa viatu wala kilemba mbele ya waungwana, na mtumwa mwanamke hakujifunika uso. Nguo zao zilikuwa merikani na kaniki. Amri ya kukomesha hali ya utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, ikafuata ya pwani ya Kenya mwaka 1907, na ya Tanganyika mwaka 1922. Lakini amri ya Unguja ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na huko aonyeshe kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Mashamba ya karafuu yalibaki kwa wenyewe. Kwa hiyo aliyetoka mahakamani alikuwa huru, lakini hakuwa mwungwana, na lugha iliweka tofauti hiyo wazi kabisa. Uhuru ulitolewa kwa karatasi. Uungwana ulihitaji nyumba, jamaa na elimu. Si ajabu basi kwamba wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki, wakavaa kanga, na baadaye buibui. Walijua vizuri kuliko mahakimu ni mlango upi uliokuwa bado umefungwa.

Mahali ambapo mlango huo ulionekana kwa macho ni Lamu. Upande wa kaskazini wa mji, yaani Mkomani, ndiko zilikokuwa nyumba za mawe za waungwana, zenye madaka na zidaka. Upande wa kusini, Langoni, walikaa wageni kutoka Hadhramaut na Ngazija, pamoja na watu maskini na wenye asili ya utumwa, katika nyumba za udongo na makuti. Ila katika Lamu mali iliyolindwa kwa uangalifu kupita zote haikuwa nyumba. Ilikuwa ni elimu ya dini. Mtoto wa mtumwa alifundishwa kiasi cha kumwezesha kusali, basi. Tafsiri, sheria na sarufi ya Kiarabu zilikuwa za watoto wa wenye mji, kwa maana aliyezijua ndiye aliyeweza kuwa kadhi, kuozesha, kugawa mirathi na kusema nani ana haki gani.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 alifika Lamu kijana sharifu kutoka Ngazija, Swaleh bin Alawi Jamalilleil, ambaye watu walimwita na wangali wanamwita Habib Swaleh. Kwa nasaba yake angeweza kukaa na wakubwa. Yeye alikwenda Langoni, akawafundisha watu wa huko elimu ile ile ambayo Mkomani ilikuwa imefungiwa, na akaruhusu Maulidi isomwe kwa matari. Wazee wa mji walipinga. Walisema kwamba matari msikitini ni uzushi. Na huenda wengine waliamini hivyo kwa dhati. Lakini ni vigumu kudhani kwamba ugomvi ungekuwa mkali kiasi kile kama wanafunzi wangalikuwa watoto wao. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa Langoni mnamo mwaka 1900, ukawa chuo kilichotoa walimu waliotawanyika pwani nzima, na Maulidi ya Lamu hukusanya wageni wa Afrika Mashariki kila mwaka.

Yafaa wafasiri waliangalie tukio hili, kwa sababu neno ubaguzi halitoshi kulieleza. Ubaguzi ni kumtofautisha mtu na mwingine, na mara nyingi tunaufikiria kama chuki ya moyoni. Waungwana wa Mkomani hawakuwa lazima wawachukie watu wa Langoni. Waliishi nao, walilelewa na wayaya wao, walizikana. Walichofanya ni kukishika kitu chenye faida na kuzuia kisigawanywe.

Sasa twende bara, ambako neno mwungwana lilipatwa na mambo ya ajabu. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, Ujiji na Manyema, wapagazi na askari wa pwani walijiita waungwana. Wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa, ambao pwani wasingethubutu kujiita hivyo mbele ya mtu wa Mkomani au wa Shangani. Lakini huko bara hapakuwa na wa kuwakosoa. Walivaa kanzu, walisema Kiswahili, walishika dini na bunduki. Na wale waliowakuta huko wakawaita washenzi. Kisha vijana wa Manyema waliotekwa au kufuata misafara nao wakajifunza Kiswahili, wakavaa kanzu, wakawa waungwana, na wakawaita wenzao wa kijiji cha pili washenzi. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana kwa ajili yao.

Mtaalamu wa Uingereza Frank Parkin, aliyeiendeleza dhana ya Weber katika kitabu cha mwaka 1979, alieleza kwamba kazi hii ina pande mbili: walio juu huwazuia walio chini, na walio chini hujaribu kutwaa sehemu ya kilichozuiliwa, tena kundi moja huweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, likidai huku na kunyima kule. Waungwana wa Manyema ni mfano usiohitaji maelezo zaidi.

Neno lilipopanuka hivyo, wakubwa wa pwani walihitaji lingine. Katika karne hiyo hiyo, chini ya utawala wa Busaidi, ustaarabu ulianza kushika mahali pa uungwana kuwa kipimo cha mtu bora. Asili yake ni Kiarabu, nayo ni kujifanya au kuwa kama Mwarabu. Uungwana ulikuwa wa mji: mtu aliupata kwa kuzaliwa Lamu, Pate au Mombasa. Ustaarabu ulitazama ng'ambo ya bahari, na kwa hiyo hata mwungwana wa kale aliweza kuonekana amepungukiwa nao. Baadaye shule za wakoloni zikalichukua neno hilo hilo kwa mambo ya Ulaya. Nasi tunasoma katika vitabu vya historia kuhusu ustaarabu wa Misri ya kale na wa China, mambo ambayo hayana Uarabu ndani yake hata kidogo. Na hakuna anayeshtuka.

Turudi kwa Mtoro. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Mwaka 1904 alioa Mjerumani. Mwaka uliofuata alisafiri na mkewe kurudi nyumbani, lakini serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka pwani pamoja. Wakarudi Ujerumani, naye akafa huko mwaka 1927. Mtu huyu, aliyeandika kwa ufundi juu ya majumbe, waungwana, wazalia na wajinga, alikuta katika sheria ya Wajerumani daraja moja tu lililomngoja, nalo lilimchanganya yeye na wote aliowapanga katika kitabu chake. Elimu yake, dini yake na asili yake ya Bagamoyo havikuwa alama zilizotakiwa.

Daraja hilo, walilolirithi Waingereza, lilitafsiriwa kwa Kiswahili kuwa wenyeji. Hapa ndipo wafasiri wa wakati ule walipofanya jambo ambalo sijui kama walilikusudia. Kwa desturi ya pwani, mwenyeji ni mwenye mji: ndiye ampokeaye mgeni, ndiye mwenye haki ya kusema katika baraza. Chini ya sheria za kikoloni, kama ile ya Tanganyika ya mwaka 1926 iliyowaweka machifu na mabaraza yao chini ya serikali, mwenyeji akawa mtu wa kutozwa kodi ya kichwa, wa kuhukumiwa katika mahakama ya peke yake, na huko Kenya, kwa sheria ya mwaka 1915, wa kuchukua kipande. Mgeni ndiye aliyekuwa na mji. Huko Mombasa watu wa Thenashara Taifa, wenyeji kwa maana ya kale kuliko wote, walitumia miaka mingi wakidai wasihesabiwe wenyeji kwa maana mpya. Na Unguja, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgawo wa chakula ulipopimwa kwa taifa la mtu, jina lililoandikwa katika daftari lilikuwa ndilo linaloamua kama nyumba itapata mchele.

Sasa niseme la istilahi. Kwa dhana nzima ya Weber napendekeza uhodhi wa hadhi, au uhodhi wa nafasi pale ambapo maneno yanahusu kazi na mali kuliko heshima. Kitenzi kuhodhi kinabeba mambo mawili yanayotakiwa, yaani kushika na kuzuia, na kimekwisha kuzoeleka katika mambo ya biashara. Ufungaji, ambao umewahi kutajwa, naona haufai: msomaji atawaza saumu au gereza. Kwa upande wa walio juu, utengaji unatosha. Kwa upande wa walio chini, utwaaji ni bora kuliko unyang'anyi, kwa sababu unyang'anyi ni kosa la jinai na neno hilo litakuwa limekwisha kumhukumu Habib Swaleh na wanafunzi wake. Ubaguzi ubaki kwa maana yake, hasa wa rangi.

Ama kwa hati za kale, mfasiri anayekutana na mwenyeji katika karatasi za kabla ya uhuru asilibadilishe kuwa mwananchi, ingawa kishawishi ni kikubwa. Mwananchi ana haki ambazo yule wa kwenye karatasi hakuwa nazo. Vivyo hivyo mjinga katika hati ya mirathi ya karne ya 19: aachwe kama alivyo, na pembeni iandikwe maana yake ya wakati ule, ili msomaji asidhani kwamba marehemu aliwarithisha wanawe watu wapumbavu.