Gimbali, Mrama na Droni ya Msafiri

Kwenye boksi la droni ya bei nafuu, kinachochapwa kwa herufi nene ni "4K". Neno linalopaswa kumhangaisha mnunuzi limejificha ubavuni kwa herufi ndogo ndogo, na mara nyingine halipo kabisa. Waingereza huliandika gimbal. Wapiga picha wetu wamezoea kulitamka gimbali, na wengi wanalijua kwa kile kishikio cha mkononi kinachoituliza simu wakati mtu anatembea huku akirekodi harusi. Kwenye droni kazi ni ileile, ila kifaa hakizidi sana ukubwa wa kidole gumba, na kimening'inia puani mwa chombo.

Msafiri anayetaka droni ya kutia begini, ya kurekodi fukwe, milima na magofu bila kumaliza akiba yake, atasumbuliwa na namba chungu nzima: pikseli, dakika za kuruka, kilomita za mawasiliano. Mimi namba ya kwanza ninayoitafuta ni idadi ya mihimili ya gimbali. Ni mitatu, miwili, mmoja, au hakuna? Hizo nyingine zinaweza kusubiri.

Neno lenyewe lina nasaba ndefu. Asili yake ni gemellus ya Kilatini, yaani pacha, likapitia Kifaransa cha kale, kwa kuwa kifaa cha awali kilikuwa pete zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, kila moja ikizunguka kwenye mhimili wake. Ya nje ikiyumba, kilicho katikati kinabaki kimetulia. Philo wa Byzantium, mhandisi Mgiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alieleza kidau cha wino chenye pande nane: kigeuze upendavyo, upande ulio juu una tundu la kuchovya kalamu, na wino haumwagiki. Wachina wa enzi ya Tang walitengeneza vyetezo vya fedha vya mviringo kwa mpango huohuo, kaa la moto likakaa wima hata chetezo kikibiringika kitandani. Kwa watu wa Pwani, wanaofukiza nguo na matandiko kwa udi, chetezo cha namna hiyo kingeokoa shuka nyingi. Girolamo Cardano, Mwitalia, aliuandika mpango huo kitabuni mwaka 1550. Hakuuvumbua yeye, lakini zipo lugha za Ulaya ambazo mpaka leo zinauita kwa jina lake. Halafu ukaenea baharini, ambako dira ya meli huwekwa kwenye pete mbili ili ibaki sambamba na upeo wa macho hata meli ikilala.

Turudi angani. Wengi hudhani kamera ya droni inatikiswa na upepo tu, kumbe sababu kubwa ni mwendo wa chombo chenyewe. Droni ya mapanga manne haina usukani wala mkia. Ikitaka kwenda mbele, mapanga ya nyuma yanaongeza kasi, mgongo unainuka, pua inainama, na msukumo uliokuwa wa kuibeba tu sasa unaisogeza pia. Kwenda kulia ni kulala kulia. Kusimama hewani mahali pamoja wakati upepo unavuma ni kuuegemea upepo. Droni isiyoinama haiendi popote! Kwa hiyo kamera iliyokazwa moja kwa moja kwenye kiwiliwili itatazama ardhi kila droni inapokwenda mbele, itatazama mbingu inapofunga breki, na bahari yote itamiminikia upande mmoja wa picha upepo ukipiga ubavuni.

Mabaharia wetu wana maneno ya haya yote. Kuna omo, yaani mbele ya chombo, kuzama huku tezi, nyuma yake, ikiinuka, kisha kinyume chake. Kuna chombo kulala upande huu na upande ule, ambako ndiko kwenda mrama, neno ambalo watu wa nchi kavu wamelichukua bila bahari yake, siku hizi kila mpango ukiharibika umekwenda mrama. Na kuna kugeuza omo kushoto au kulia, kazi ya usukani. Mihimili mitatu ya gimbali ni hiyo hiyo, haina wa nne. Anayeandika maelezo ya droni kwa Kiswahili anaweza kuuita wa kwanza mwinamo, wa pili mrama, wa tatu mgeuko, na msomaji wa Pangani ataelewa kabla ya kumaliza sentensi. Kuiachia mashine itafsiri ni hatari, maana neno la Kiingereza la mwinamo, pitch, ndilo pia la lami na la uwanja wa mpira, na sitashangaa siku moja kusoma kwamba kamera yangu ina mota ya lami.

Gimbali kamili ya droni ina mota tatu ndogo, kila mhimili na yake. Kuna kihisi kinachopima mzunguko. Chombo kikiinama nyuzi kumi mbele, mota ya mwinamo inairudisha kamera nyuzi kumi nyuma papo hapo, na hesabu hiyo inarudiwa mamia ya mara kwa sekunde. Zaidi ya hapo, mkono mzima wa gimbali umening'inizwa kwenye vipira laini vinavyomeza mtetemo wa mapanga, ambao ni wa kasi mno kwa mota kuufuata. Kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari, si yote kwa mpigo, kwa hiyo mtetemo ukipenya utaona nguzo za umeme na kuta zilizonyooka zikicheza mawimbi.

Hapo ndipo gimbali ya leo inapoachana na ya Cardano. Ya zamani ilitegemea uzito: kilichomo kilikaa wima kwa kuwa kilivutwa chini. Ya leo inapima na kusahihisha, na bila umeme si kitu. Zima droni uone, kamera inalegea kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Kwa sababu hiyo tafsiri kama "pete za bembea", ingawa ni tamu masikioni, naiona haifai. Pete hazipo, na kinachofanyika ndani yake ni kinyume cha kubembea.

Zipo tafsiri mbili nyingine zenye nguvu zaidi: kidhibiti mtikisiko na kitulizi cha kamera. Zote zinaeleweka mara moja, hata kwa asiyewahi kushika droni. Kasoro yake ni kwamba zinataja kazi, hazitaji kifaa, na kazi hiyo siku hizi inafanywa pia na programu. Muuzaji anaweza kukuambia kwa moyo safi kabisa kwamba droni yake ina kitulizi, na ndani yake isiwe na mota hata moja.

Utulizaji wa programu unafanyika hivi. Kamera inarekodi eneo pana kuliko litakaloonyeshwa, kisha programu inakata kingo na kukisogeza kipande kilichobaki, picha moja hadi nyingine, ili mandhari yaonekane yamesimama. Mchana wa jua kali matokeo yanaweza kuwa mazuri hata ukashindwa kuyatofautisha na ya gimbali. Gharama ya kwanza ni kingo zilizokatwa: ulichokiona kwa macho hakiingii chote. Gharama ya pili ni kubwa zaidi, na inadaiwa jioni. Mwanga ukipungua, kila picha inahitaji muda mrefu zaidi kufyonza nuru. Kamera ikisogea ndani ya muda huo, ukungu unaingia ndani ya picha yenyewe. Programu inaweza kuzipanga picha zikae mstari mmoja, lakini haiwezi kuufuta ukungu huo. Nayo jioni, jua likizama nyuma ya majahazi ya Lamu, ndiyo saa ambayo msafiri aliinunulia droni.

Ndiyo sababu nasimama na gimbali kama jina la kifaa, tukatumia utulizaji kwa kazi, na kila mara tukasema ni utulizaji wa gimbali au wa programu. Hatukungoja tafsiri ya gia, breki wala klachi, na mafundi wetu hawakupotea njia. Kitulizi kibaki mitaani kwa mazungumzo, ila kwenye boksi na kwenye risiti nataka neno lisiloteleza.

Kifaa chenyewe zamani hakikuwa cha wenye kipato cha kawaida. BBC walipotengeneza Planet Earth, iliyoonyeshwa mwaka 2006, kamera ya kuwafuata mbwa mwitu wakiwinda ilifungwa kwenye gimbali chini ya helikopta. Phantom ya kwanza ya DJI, kampuni ya Shenzhen, ilitoka mwaka 2013 bila gimbali; mwaka uliofuata Phantom 2 Vision+ ikaja na ya mihimili mitatu ikiwa imejengewa humo humo. Oktoba 2019 Mavic Mini ikaibana mihimili hiyo mitatu ndani ya chombo cha gramu 249. Kuanzia hapo swali la msafiri mwenye bajeti ndogo likabadilika: si tena kama ataipata gimbali, bali ni ya mihimili mingapi.

Chukua droni tatu. Tello ya Ryze ya mwaka 2018 ina gramu 80 hivi, ilianzia dola 99, na haina gimbali. Ni nzuri kwa mtoto anayejifunza kuandika programu, na kwa mtu mzima anayetaka kuvunja kitu cha bei ndogo kwanza. Neo ya DJI, ya Septemba 2024, ina gramu 135, ilianzia dola 199, na gimbali yake ni ya mhimili mmoja, ule wa mwinamo. Mrama umeachiwa programu. Inapaa kutoka kiganjani na kukufuata unapotembea ufukweni, na kwa hilo inatosha. Mini 4K, ya mwaka huohuo, ilianzia dola 299, iko chini ya gramu 250, na ina mihimili yote mitatu. Dola mia moja zilizozidi ni bei ya mihimili miwili pamoja na rimoti, ambayo Neo ya dola 199 haikuja nayo. Kwa anayekwenda kurekodi mandhari, sijaona dola mia zilizotumika vizuri zaidi. Bei hizo ni za Marekani siku zilipotoka. Zikifika madukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zimeshabeba ushuru na faida ya watu wawili watatu.

Upepo nao unahukumu. Mini 4K imetengenezwa kuhimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, kama kilomita 38 kwa saa. Neo mita 8, kama kilomita 29. Kusi ya Julai pale ufukweni Paje, Zanzibar, inayowaleta watu na mabawa yao ya kuteleza juu ya maji, haina subira na droni ya gramu 135, na kadiri unavyopanda juu ndivyo upepo unavyozidi. Ianze safari ikikabili upepo ili irudi ikisukumwa nao. Atakayefanya kinyume ataishiwa betri juu ya maji.

Watengenezaji wanang'ang'ania kuwa chini ya gramu 250 kwa sababu ya sheria za ughaibuni: Marekani, kwa mfano, droni ya uzito huo inayorushwa kwa burudani haihitaji kusajiliwa. Usilete hesabu hiyo nyumbani. Kenya ina kanuni za mwaka 2020, na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, kinatakiwa hata kabla ya kuingiza droni nchini. Tanzania ina za mwaka 2018 chini ya mamlaka yake, TCAA, na hifadhi za taifa zina ruhusa yake ya pekee. Moroko wanakunyang'anya droni ukiwa bado uwanja wa ndege. Betri zibebe mkononi unapopanda ndege, usizitie kwenye mzigo wa chini. Za droni hizi ndogo hazikaribii mpaka wa wati-saa 100 wa mashirika ya ndege.

Dukani, ondoa kifuniko cha kinga cha gimbali kwanza, ndipo uwashe. Ukiwasha nacho, mota zitapigana nacho hadi zitoe onyo. Kamera itazunguka huku na huku ikijipima, kisha itatulia ikitazama mbele. Sasa ibebe droni mkononi, mapanga yakiwa yamesimama, jicho lako likiwa kwenye skrini. Inamisha pua. Laza ubavu wa kushoto, kisha wa kulia. Fremu ya mlango wa duka inapaswa kubaki imesimama wima kwenye picha. Ukiigeuza taratibu, kamera itachelewa kidogo halafu ifuate. Hapo haijaharibika, ndivyo mhimili wa mgeuko unavyofanya kazi kwenye droni hizi.

Ya mtumba inataka jicho kali zaidi. Kati ya mikono ya gimbali unapita utepe mwembamba wa nyaya, na droni ikianguka huo ni miongoni mwa vitu vinavyochanika mwanzo. Iweke mezani ikiwa imewashwa na usiiguse. Kamera ikitetemeka yenyewe, au fremu ya dirisha ikikaa upande hata baada ya kuisawazisha kwa programu yake, mwambie muuzaji atoe kwenye bei thamani ya gimbali nzima, au airudishe kabatini.